Kutembea kwa miguu Pwani msimu wa kusi: fuata maji, mpe upepo mgongo

Wageni wengi wanakuja Mombasa Disemba, jua linawapasua kichwa, wanatembea ufuoni dakika kumi wanakimbilia kivulini, alafu wakirudi kwao wanasema Pwani ni kuzuri lakini hakutembeleki. Sasa wewe ngoja Juni iishe. Kuanzia hapo mpaka Septemba hivi kusi, ule upepo wa kusini mashariki, inavuma, zile mvua kubwa za mwaka zishapungua, mchana joto liko nyuzi 27 au 28 na usiku linashuka mpaka 20 na kitu, watu wa bara wanatucheka tukivaa masweta lakini acha wacheke, hiyo ndiyo baridi yetu na ndiyo miezi ambayo mtu anaweza kutembea masaa matatu manne mchana kweupe bila kuzimia. Mashamba yako kijani, mahindi yamesimama, vumbi hakuna.

Ila bahari ya kusi haina adabu. Imechafuka, mawimbi yanapiga kwenye mwamba yanasikika mpaka barabarani, mwani umejaa ufuoni, wavuvi wengi wamevuta vyombo vyao juu na samaki bei imepanda. Kwa kuogelea si msimu mzuri, kwa kutembea ndio wenyewe, bora tu ujue mambo mawili: maji yapwa saa ngapi na upepo watoka wapi. Ukipanga safari kwa saa ya ukutani peke yake utajikuta umebanwa kati ya bahari na jabali na njia hakuna.

Hesabu ya maji

Huku kwetu kati ya maji kujaa na maji kupwa ni zaidi ya mita tatu siku za bamvua, zile maji yanapojaa sana na kupwa sana, yaani ule mchanga mpana uliotembelea asubuhi jioni haupo kabisa, maji yamefika kwenye kuta za mahoteli. Kwa hivyo kila matembezi ya ufuoni yanaanza na swali la mwezi. Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani kazi yako ni nyepesi: mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo, maji hapa Mombasa yanapwa kama saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, tena ni bamvua, yanapwa mbali sana. Kila siku inayofuata unaongeza kama dakika 50. Kwa hivyo mwezi 4 au 5, yaani tarehe hizo za mwezi mwandamo, kupwa kunakuja saa saba mchana, na mwezi 7 au 8 ni maji mafu, saa nne asubuhi ndio yanajaa badala ya kupwa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Siku hizo za maji mafu usihangaike na ufuo, nenda milimani au mashambani.

Siku tamu za kutembea ufuoni ni mwezi 12 mpaka 16, alafu tena 27 mpaka 2. Unaondoka kama masaa mawili kabla maji hayajapwa kabisa, unatembea nayo yakirudi nyuma, na saa moja hivi baada ya kupwa unataka uwe ushafika au uwe mahali penye njia ya kupanda juu. Maji yakianza kurudi yanakuja polepole mwanzo, unaona bado kuna nafasi, alafu saa la tatu na la nne ndio yanakuja kwa kasi. Na mkiwa mnabishana nyumbani kama mwezi umeandama jana au leo, bahari haimngoji kadhi, ongeza siku moja mbele na nyuma ujiwekee tahadhari. Programu za simu za maji zipo pia na ziko sawa, lakini mimi bado namuuliza mvuvi wa pale pale manake yeye anajua na vijia vya mahali.

Upepo

Kusi yatoka kusini mashariki. Pwani yetu imelala kusini kwenda kaskazini. Kwa hivyo anza kusini umalize kaskazini, upepo uwe mgongoni kidogo upande wa kulia, unakusukuma. Watu wanadharau hili alafu wanatembea saa zima mchanga ukiwapiga usoni na macho mekundu. Kama lazima urudi ulikotoka basi panda boda au matatu kwa kurudi, nauli yake haizidi taabu ya kupambana na upepo. Kusi inatulia asubuhi mapema na inazidi nguvu kuanzia kama saa tano, hiyo sababu nyingine ya kutoka nyumbani alfajiri ukishakunywa chai na mahamri.

Alafu jamani msikae chini ya minazi. Upepo huu unaangusha makuti makavu na nazi, na nazi haikuulizi jina. Ukitaka kivuli tafuta mwembe au mkwaju.

Unavaa nini unabeba nini

Viatu: raba nzee zilizofungwa vizuri, zile ambazo hutasikitika zikilowa. Champali hazifai, kwenye kiamba, ule mwamba wa ufuoni, utakatika mguu na kwenye mwani utateleza. Ufuoni vidimbwini kuna wale wadudu wa miiba meusi mirefu na kuna samaki aitwaye taa anajifukia mchangani, kwa hivyo ukikatiza maji ya magotini burura miguu usiinyanyue, taa akisikia mtetemeko anaondoka mwenyewe. Nguo nyepesi za mikono mirefu, jaketi jembamba la mvua manake kusi inaleta manyunyu ya dakika kumi kumi alafu jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kufunga kichwa. Kina mama, buibui kwenye upepo huu ni tanga, vaeni suruali ndani na mtandio ufungwe kwa pini au mtashinda mnashika nguo badala ya kuangalia bahari.

Maji lita moja na nusu kwa mtu yanatosha kwa nusu siku ya baridi hii, lakini beba kwenye chupa ya kudumu. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, misitu na fukwe za Kenya tangu Juni 2020, na getini watakuuliza. Pesa ndogo ndogo za madafu na mihogo, M-Pesa kwa mengine. Simu iweke kwenye mfuko usioingia maji. Na usitembee peke yako, wawili watatu ni bora, hasa sehemu za ufuo zisizo na nyumba, na saa kumi na mbili jioni uwe barabarani manake Julai saa kumi na mbili na nusu jua lishazama.

Njia za mashambani zina kitu kingine, upupu. Ukikauka na upepo ukivuma zile nywele zake zinaruka zenyewe hata hujagusa, kwa hivyo ukiona maganda ya kahawia yenye manyoya yananing'inia kando ya njia pita upande ule upepo unakotokea na mikono irefu iwe imeshuka. Mwenye watoto awaonye mapema.

Adabu nayo ni ya kubeba. Vijijini ukikuta wazee wamekaa barazani simama, shikamoo kwanza, hali za nyumbani, alafu ndio uulize njia. Ukiuliza juu juu unapita utaelekezwa juu juu vile vile. Kupiga picha za watu bila kuomba hapana. Na kando ya bahari vivazi vya kuogelea mwisho wake mchangani, ukiingia kijijini jifunge leso.

Sasa njia zenyewe

Nikiambiwa nichague moja tu nitachagua Kongo mpaka Tiwi. Vuka feri Likoni, kwa miguu ni bure, panda matatu ya Ukunda, ushuke uchukue tuktuk mpaka msikiti wa Kongo, pale ufuo wa Diani unapoishia kaskazini. Gari yako kama unayo siku hizi unaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ukaikwepa foleni ya feri. Msikiti ni wa kale, wa mawe ya matumbawe, umezungukwa na mibuyu minene ambayo kusi haiitikisi hata tawi, na bado unaswaliwa, kwa hivyo kama huswali kaa nje ukimya, vaa heshima. Chini yake mto Mwachema unaingia baharini. Hapa ndipo hesabu yako ya mwezi inapojaribiwa. Maji yakipwa unavuka kwa miguu, ya kifundo mpaka ya magoti, upande wa juu unaona mikoko na ndege wameinama wanakula. Maji yakijaa usijaribu, mkondo una nguvu na unavuta nje. Na kama jana yake mvua imenyesha milimani Kwale mto unashuka mwekundu na umejaa hata maji ya bahari yakiwa yamepwa, hapo geuza safari, hakuna aibu, au umuombe mwenye mtumbwi akuvushe mkikubaliana bei kabla ya kupanda.

Ukishavuka uko Tiwi na mahoteli makubwa yamebaki nyuma. Ufuo unakatika katika, majabali ya matumbawe yanaingia mpaka majini, kati yake vijifuo vidogo vya mchanga mweupe ambavyo asubuhi unaweza usikutane na mtu ila mama anayechokoa pweza kwa chuma na mtoto na ndoo. Vidimbwi kwenye kiamba vimejaa samaki wadogo, kimoja kinajulikana sana kina umbo la ramani ya Afrika, wenyeji watakuonyesha na watataka kitu kidogo, wape, ni haki yao. Usiingie kidimbwini mawimbi ya kusi yakiwa yanapanda juu ya kiamba. Kwenye majabali simama kidogo uangalie nje ya mwamba, Julai mpaka Septemba nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, na ukibahatika unaona mvuke unaruka juu ya maji. Usipobahatika umeona bahari, si hasara.

Mwisho wa matembezi usipande kwa miguu kutoka ufuo wa Tiwi mpaka barabara kubwa, ni kilomita kadhaa za kichaka na pweke, ita boda. Barabara kubwa matatu za kurudi Likoni hazikosekani.

Siku ya maji mafu, nenda Kwale. Matatu zinatoka Likoni, zinapinda Kombani na kuanza kupanda, na unasikia kabisa masikio na ngozi vinabadilika. Asubuhi ya Julai ukungu unalala kwenye vilima vya Shimba, nyasi zina umande, hapo lile sweta ulilochekewa lina kazi. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa 1968 na ndiyo mahali pekee Kenya penye palahala, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe zimepinda nyuma, na ndovu wamejaa. Kwa hivyo hapa huendi kutembea ovyo, lazima askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, awe nawe, na kutoka getini mpaka njia ya maporomoko inapoanzia unahitaji gari. Kama hamna gari changeni watu wanne watano mkodi moja Kwale mjini. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, malizeni hiyo kazi nyumbani mtandao ukiwa mzuri manake getini kusimama na simu inayozunguka zunguka ni kero.

Matembezi ni kushuka mpaka maporomoko ya Sheldrick, mita 21 hivi, kilomita kama mbili za msitu na nyasi, na kwa vile mvua za mwaka zimepita karibuni maji yana nguvu yake, si ule uzi unaouona Februari. Kushuka ni starehe. Kupanda ndio utajua kama una mapafu, udongo mwekundu unateleza, kwa hivyo wazee na watoto wadogo mpange mapema nani anashuka na nani anabaki juu akiangalia bahari, na kule juu si pabaya, hewa ikitakata unaiona bahari yote. Askari akisema simama, simama. Akisema tunarudi, hakuna mjadala.

Wakirudi wengi wanasimama Kombani kula mahindi ya kuchoma, na mimi nawaunga mkono.

Gazi ni kwa wale hawataki upepo kabisa. Iko barabara ya Lunga Lunga, kama kilomita 50 kusini ya Mombasa, kijiji cha Wadigo kimekaa kimya kando ya ghuba. Kina mama wa hapo wana daraja la mbao linaloingia ndani ya mikoko, unalipa kidogo na mmoja wao anakutembeza. Ndani ya mikoko kusi inasikika juu tu kwenye majani, chini kumetulia. Mwambie mama akufundishe miti: mkoko wenye miguu mingi kama umesimama juu ya vidole, mchu unaotoa vijiti vyake wima kutoka kwenye tope, mlilana unaokaa mbele kabisa kupokea bahari, mkandaa na muia na mkomafi nyuma. Hapo hapo ndipo palipoanza Mikoko Pamoja 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko na wanunuzi wa nje wanalipia hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, pesa inaingia kwenye maji ya bomba na shule. Muda mzuri wa kuingia ni maji yakiwa nusu yanapanda, kaa bado wako nje na samaki wadogo wanaanza kuingia kati ya mizizi. Angalieni mbao mnapokanyaga, jua na chumvi zinazila. Mbu wapo, jipakeni. Na mkitaka chakula agizeni mnapofika sio mnapomaliza, samaki wa kupaka si wa kuchemsha dakika tano.

Kinondo naiweka fupi manake ni mahali pa kwenda kwa utaratibu wa wenyewe. Ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo kusini ya Diani, hekta 30 hivi, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Unaingia na muongozaji, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, huchukui hata jani, hampigani mabusu, kuna sehemu hupigi picha. Ukimaliza teremka ufuoni Galu utembee kaskazini kurudi Diani, upepo mgongoni, mbega wako juu ya miti ya kando ya barabara ukikata kuingia ndani. Mwani ufuoni utakuwa mwingi msimu huu, tembea kwenye mchanga mbichi karibu na maji, marundo yasikanyagwe manake hujui chini kuna nini, na mabichi boi, wale vijana wanaowafuata wageni ufuoni, ukiwajibu kwa Kiswahili cha kistaarabu mara moja wanakuacha.

Upande wa kaskazini kwa siku ambayo huna nguvu ya feri, nenda Jumba la Mtwana. Ukipita Mtwapa unashukia barabarani, boda mpaka magofuni. Ni mji wa karne ya 14 ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 15, misikiti na nyumba za mawe chini ya mibuyu, na msikiti mmoja uko ukingoni kabisa, unasikia mawimbi ukiwa umesimama kibla. Matembezi hapa ni mafupi, yanafaa wazee na watoto. Ukitaka kurefusha shuka ufuoni ufuate kaskazini kwenda Kikambala maji yakiwa yamepwa.

Takaungu ndio ya wenye subira. Kama kilomita kumi kabla ya Kilifi unashuka barabara kubwa, boda mpaka mjini, mji wa Waswahili mdogo uliokaa mdomoni mwa kijito cha bahari, Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walihamia hapo baada ya kutolewa na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, 1837. Ugomvi wa nani atawale Takaungu ndio ulioanzisha vita vya 1895 na Waingereza, na Mbaruk bin Rashid aliyeviendeleza mpaka 1896 alikuwa mtu wa Gazi, ile ile ya mikoko, kwa hivyo ukizitembea zote mbili utakuwa umeshika ncha zote za kisa. Vichochoro vyake vinashuka mpaka majini, na bamvua ikipwa unatokea ufuo mdogo mdomoni mwa kijito ambao masaa machache baadaye haupo tena. Nenda mwezi 15 au 16, fika saa tatu, kuvuka ng'ambo kuna wenye vyombo, ukimaliza ule mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu na unywe kahawa tungu na wazee. Ijumaa usifike saa ya swala ukitaka kuuliza njia, mji wote uko msikitini. Matatu ya kurudi Mombasa simamia barabara kubwa upande wa kushoto ukitazama kusini, na jioni zinakuja zimejaa kutoka Kilifi, kwa hivyo saa kumi uwe ushafika pale au ujitayarishe kusimama.